Vitabu Nilivyoahidi kwa Niaba ya Wageni

Jumanne jioni nilikuwa jikoni kwangu hapa Pasiansi, Mwanza, napara samaki, mwanangu wa darasa la nne akaja na daftari lake la Kiingereza. Mwalimu wao alikuwa amewapa sentensi kumi za mambo ya kesho: nitakwenda, utakuja, hawatarudi. Kazi ilikuwa kuzifupisha kama Waingereza wenyewe wanavyofupisha wakiongea. Penye “I will” aandike “I'll”, penye “we will” aandike “we'll”, lile neno la kati limezwe, kibaki kipande tu. Alifanya tatu, akachoka. Akashika kidevu, akaniuliza, “Mama, kwani hawa watu wana haraka ya nini?”

Mama mwingine angecheka. Mimi niliweka kisu chini, nikanawa mikono, nikatoka nje kukaa kwenye ngazi. Swali hilo hilo nililisikia miaka ishirini na tano hivi iliyopita, kwa mtu mzima mwenye koti moja na baiskeli moja, na jinsi nilivyomjibu mtu yule nimeificha tangu siku hiyo. Hata mume wangu hajui. Basi kaa hapa nikusimulie wewe, rafiki yangu, na ukinidharau mwishoni ni haki yako, maana mimi nimekwisha kujidharau vya kutosha.

Nimekulia Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kule kivuko kinakofikia kikitoka mjini. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa Msukuma wa Misungwi aliyeolewa ng'ambo, na kazi yake ilikuwa kukaanga samaki pale pale watu wanaposhukia. Alikuwa na karai kubwa jeusi, na mafuta yakichemka ungeyasikia toka njiani kabla hujaiona nyumba. Asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kusugua sufuria kwa mchanga kule ufukweni, kuchota ndoo mbili, kisha kuanika dagaa na kuwafukuza kuku wa jirani, ambao nakuapia walikuwa na akili kuliko mimi. Honi ya kivuko ikilia mara ya kwanza nilijua nimechelewa. Nilikunywa maziwa ya mgando na matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, nikakimbia shule na kipande kingine mkononi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya samaki na moshi wa kuni mbichi, tumbo langu linajua ni asubuhi.

Bibi hakuwa mkali, ila salamu ilikuwa salamu. Sisi watoto tulikuwa na haraka zetu, tunampita mtu mzima tunarusha “'kamoo!” bila hata kusimama. Thubutu! Bibi alikuwa anaacha samaki waungue. “Wewe! Ludi hapo,” alikuwa anasema, kwa kile Kiswahili chake cha Kisukuma, na ole wako ucheke. “Hiyo nusu nyingine umeiacha wapi? Kaiokote uje umsalimie mtu vizuli.” Unarudi, unasimama, unainamisha kichwa, unasema shikamoo nzima, unangoja marahaba nzima. Abiria wanakuangalia. Aibu yake ilikutosha wiki nzima.

Na mambo ya kesho ndiyo kabisa. Sijawahi kumsikia bibi akisema “kesho nitakwenda Sengerema” akaishia hapo. Alikuwa anasema, “Kesho, Mungu akituamsha wazima, na miguu ikikubali, na mvua ikituhurumia, nitajaribu kufika Sengerema.” Mimi nilikuwa namtania kwamba akimaliza kusema, gari lenyewe limekwisha kurudi. Alikuwa anacheka, lakini habadilishi. Kwake kesho ilikuwa na mwenyewe, Mungu, huwezi kuishika kabla hujabisha hodi.

Labda ndiyo maana bibi na mwalimu wetu wa Kiingereza walielewana sana. Mwalimu alikuwa Mhaya. Najua unachofikiri, Wahaya na Kiingereza chao! Ila huyu hakuwa wa kujisifu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, karibu kustaafu, amefundishwa na mapadri utotoni kule kwao Kagera, na alichofundishwa alikitunza kama nguo ya kanisani. Alikuwa na koti moja la kahawia na tai moja ya siku za maana. Kwenye mchanga hakuwa anaiendesha baiskeli yake, alikuwa anaisukuma, akimsalimia kila mtu.

Kiingereza chake kilikuwa cha maneno kamili. “I shall come. You will come. We shall not forget.” Kila neno lilisimama peke yake, na kati ya neno na neno ungeweza kupitisha mbuzi. Darasa zima tulikuwa tunaimba nyuma yake, sauti zinatoka madirishani mpaka wavuvi wanaoshona nyavu wanaitikia kwa mzaha. Ukisema haraka anakusimamisha. “Mtu anayeahidi asiwe na haraka,” alikuwa anasema. Halafu unaanza upya.

Mimi alinipenda. Niseme ukweli, alinipenda kuliko wengine. Ijumaa alikuwa ananipa kamusi yake niishike somo zima, na ilikuwa kamusi pekee pale shuleni. Alimwambia bibi, akiwa amesimama mbele ya karai na samaki wake kwenye gazeti, kwamba mtoto huyu atavuka ziwa. Bibi akajibu, “Mungu akijalia.” Mwalimu akasema, “Mungu akijalia, mama.” Nikavimba kichwa toka siku hiyo.

Likizo ya kabla ya darasa la saba nilikwenda mjini kwa shangazi. Shangazi alikuwa na televisheni. Mwezi mzima nilikaa sakafuni mbele ya ile televisheni nikitazama watu wa nje wakiongea, na nikagundua kitu kilichonimaliza kabisa: hakuna hata mmoja aliyeongea kama mwalimu. Wote walikuwa wanazimeza kesho zao. “I'll”, “she'll”, “they'll”, ulimi unateleza kidogo tu na mtu amekwisha kuahidi, amekwisha kuondoka, mlango umefungwa. Nilipenda sana. Nikawa nafanya mazoezi bafuni. Kusema ukweli walichokuwa wanaongea sikukielewa, labda neno moja katika kumi. Niliokota milio.

Nikarudi Kamanga pua juu. Somo la kwanza mwalimu akaniinua nitoe sentensi ya jambo litakalotokea. Nikasema, nikiuviringisha ulimi, “I'll go to Mwanza.” Akaniangalia. “Rudia.” Nikarudia, haraka zaidi. Akauliza, na nakuapia hakuwa anatania, alikuwa anataka kujua, “Lakini hawa watu wana haraka ya nini?”

Darasa likacheka, naye akacheka. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Mimi nikamwambia mtu mzima yule, mbele ya watoto wote, “Mwalimu, ndivyo wanavyosema siku hizi. Hiyo ya kwako ni ya zamani.”

Hakunichapa. Aliandika sentensi yangu ubaoni kwa maneno kamili, akaendelea. Na mapumziko yalipofika nikampa jina. Babu Shall. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Kabla wiki haijaisha hata wa darasa la kwanza walikuwa wanapiga kelele “Babu Shall!” baiskeli ikipita, na yeye akidhani wanamsalimia alikuwa anageuka, anainua mkono, anasema, “Good morning, children.” Mkono ule ukiinuka naukumbuka mpaka leo.

Muhula huo tulipata wageni kutoka Ulaya. Walikuwa wameleta madawati, na shule nzima ilioga kisawasawa. Mwalimu mkuu akasema lazima mtoto asome hotuba ya shukrani, na mwalimu wangu akanichagua mimi, baada ya yote yale. Hotuba aliiandika mwenyewe kwa mkono wake mzuri, ukurasa mmoja na nusu. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye stoo ya shule, kati ya majembe na ndoo. “We shall keep these desks. We shall remember your kindness.” Alikuwa ananiambia nisiharakishe, kwa sababu mgeni aliyesafiri mbali anastahili neno zima. Nilikuwa naitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu.

Siku yenyewe alivaa tai. Nikasimama mbele ya wageni na wazazi, bibi yangu akiwa mstari wa pili na kitenge kipya, nikafungua karatasi yake na nikazibomoa sentensi zote. Kila “we shall” nikaifanya “we'll”. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu kidogo, midomo yake ikifuata maneno aliyoyaandika, na kila mara nilikuwa nimekwisha kumpita. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja wa kizungu mwenye kofia pana akasogea, akamgeukia mwalimu, akamwambia kitu kirefu kwa haraka, akitabasamu.

Mwalimu akainamisha sikio, akaweka mkono pale. Kisha akasema kwa heshima zote, “Thank you, madam. I am very well.”

Hata mimi nilijua hilo halikuwa jibu. Nikacheka. Nilikuwa wa kwanza, rafiki yangu, na wenzangu wakaangua nyuma yangu, mpaka wazazi wengine ambao Kiingereza hawakijui hata salamu. Mwalimu mkuu akakohoa, akataka kuokoa jahazi. Akaniita mimi. “Wewe mtoto umemsikia mgeni. Hebu tuambie amesema nini.”

Sasa sikiliza. Mimi sikuwa nimeelewa kitu. Nilisikia neno la vitabu, na “we'll” kama mbili, yaliyobaki yalipita kama redio ya nyumba ya jirani. Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Lakini watu mia wananitazama, na nimetoka kumcheka mtu kwa kutokuelewa! Shetani akanisogelea. Nikasema kwa sauti kubwa, “Amesema watatuletea vitabu. Maboksi kwa maboksi. Kabla ya masika.”

Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Kina mama waliinuka. Bibi yangu alitupa mtandio juu. Yule mama mgeni alipoona watu wamefurahi naye akafurahi, akapunga mkono. Mwalimu wangu alikuwa amesimama pale pale na tai yake, akitazama chini, na mimi nilikuwa nimebebwa juu juu.

Wiki iliyofuata walimpokonya somo. Mwalimu mkuu alisema kuna mwalimu kijana ameletwa, Kiingereza chake ni cha kisasa, basi mzee apumzike, afundishe stadi za kazi. Miaka yote ile ya kufundisha, na ikaisha kwa sentensi moja asubuhi ya Jumatatu. Akapewa randa na msumeno. Na kwa kuwa vitabu vinakuja, akaambiwa atengeneze rafu kwenye ile stoo.

Akazitengeneza. Sisi tunasoma Kiingereza na yule kijana, na ukutani upande wa pili nasikia randa inakwenda, krii, krii, taratibu kama alivyokuwa anaongea. Harufu ya mbao mpya ilikuwa inaingia darasani.

Halafu zikaanza Jumamosi. Kila Jumamosi mwalimu alikuwa anashuka kivukoni na koti na tai, anavuka kwenda mjini, anarudi jioni. Watu wa pale walijua wenyewe anafuata nini. “Mwalimu, maboksi yamefika?” wanamuuliza, wanakonyezana. “Bado,” anajibu. “Yatakuja.” Bibi alikuwa anamfungia samaki kwenye gazeti, hataki pesa yake, na akishaondoka anageuza samaki kwenye karai, anasema bila kunitazama, “Mzee wa watu anahangaika.” Mimi nilikuwa nachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa.

Nilikuwa nimepanga kusema. Kila Ijumaa naapa kwamba kesho asubuhi kabla hajapanda kivuko nitamwambia: mwalimu, usiende, nilidanganya. Kesho ikifika naona watu ni wengi. Ikawa hivyo, kesho, kesho, masika yakaja yakapita, na hakuna boksi.

Jumamosi moja akarudi na mfuko wa kaki. Ulikuwa na vitabu saba. Kimoja hakina jalada, kimoja ni cha ufugaji wa kuku, kimoja kina jina la mtoto mwingine limefutwa kwa wembe. Jumatatu akavipanga kwenye rafu mbele ya mwalimu mkuu, akasema, “Vimeanza kufika.”

Na unajua nilifanya nini mimi? Niliamini! Nilisahau kabisa kwamba ahadi ile niliitunga. Nikatembea shule nzima nikisema, “Si niliwaambia?” Watoto wakacheka vile vitabu kwa uchakavu wao, wakasema ndiyo maboksi ya Babu Shall haya, nami nikacheka pamoja nao. Vikaja vingine vitatu, kisha vitano, kidogo kidogo, mpaka rafu mbili zikakaribia kujaa. Nilivisoma vyote. Nilifaulu mtihani wa darasa la saba kwa vitabu vile, na hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote.

Siku naondoka kwenda sekondari mjini alinisindikiza na bibi mpaka kivukoni. Akabeba sanduku langu kwenye baiskeli. Nilipokwisha kupanda akaniuliza, “Utakuja kutusalimia?” Abiria walikuwa wengi, wa mjini, na mimi nikataka wanisikie. Nikampigia kelele, “I'll come, teacher!” Akaweka mkono sikioni kama siku ile ya wageni. Honi ikalia. Ningeweza kurudia. Sikurudia.

Na sikwenda. Likizo nilikuwa nakwenda Kamanga, ndiyo, lakini naingia kwa bibi natoka, shuleni sikanyagi. Bibi alipofariki nilikuwa chuoni. Nikaja nikazika, nikakaa matanga, nikaambiwa mwalimu alishastaafu, nikashusha pumzi. Umesikia? Nilishusha pumzi.

Mwaka jana jirani mmoja kanisani akaniambia kuna mzee Mhaya, mwalimu wa zamani wa Kamanga, anaishi na binti yake mitaa mitatu kutoka kwangu. Geti la kijani, karibu na duka la mkaa. Nimepita geti lile mwaka mzima. Asubuhi nikienda kazini nasema nitaingia nikirudi, nikirudi nasema nitaingia kesho. Mtu mzima na watoto wake, nanyata mbele ya geti kama kuku aliyeiba dagaa.

Basi ile Jumanne mwanangu alinifuata kwenye ngazi. “Mama, unalia?” Nikamwambia ni vitunguu. Akasema, “Lakini leo hatuna vitunguu.” Watoto wa siku hizi! Jumatano nikatoka kazini mapema, nikanunua sukari na mkate, nikasukuma geti.

Alikuwa barazani, anamenya ndizi kwenye sinia, kisu kinakwenda taratibu. Amekuwa mdogo. Koti ni lingine, ila la kahawia. Nikasimama, nikainamisha kichwa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Ni nani?”

Nikamwambia mimi ni mjukuu wa mama wa samaki, Kamanga. “Karibu,” akasema. “Kaa.”

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza habari za hali ya hewa. Nikamwambia nikiwa nimesimama na mkate kwapani: wale wageni, siku ile, sikuelewa neno hata moja. Vitabu nilivitunga. Nimekuja kusema hivyo.

Aliendelea kumenya. “Najua,” akasema.

“Ulijua lini, mwalimu?”

“Siku ile ile. Yule mama wa kofia alinifuata pale kwenye gari. Aliona sikumpata vizuri, akarudia polepole, neno moja moja. Alisema samahani, madawati tumeleta, vitabu hatuna uwezo navyo. Polepole mimi nasikia vizuri sana.” Akatupa ganda. “Na watu wako bado wanapiga vigelegele.”

Nikamuuliza, sasa zile Jumamosi alikuwa anakwenda mjini kufuata nini.

“Kuomba,” akasema. “Kwa mapadri. Kwa walimu wenzangu. Kwa mwenye duka la madaftari, yule mwishoni alikuwa akiniona anajificha nyuma ya mlango, alinichoka. Wewe ulishaahidi, mjukuu wangu, na shule nzima imesikia. Ningesimama niseme mtoto huyu mwongo? Na mtihani uko mlangoni?”

Mkate ulikuwa umepondeka kwapani, au mimi nimeuponda, sijui.

“Lakini usidhani sikukasirika,” akaendelea, akaninyooshea kisu kidogo. “Nilikasirika sana. Na ile Babu Shall nilijua nani kaianzisha. Hata sasa hivi nikikutazama nina hasira kidogo.” Binti yake ndani akacheka, akadhani baba anatania. Mimi niliyaona macho yake. Hakuwa anatania.

Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: “Rafu zangu bado zipo?”

Nikasema sijui, mwalimu. Miaka yote hii, sikuwahi hata kwenda kuziangalia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Nikawaza vitu vilivyokwenda. Pale bibi alipokuwa anakaanga pana kibanda cha vocha. Wale samaki wadogo, furu, tuliokuwa tunawala na miiba yao, ni nadra siku hizi kumwona hata mmoja sokoni. Watu hawasemi tena Mungu akijalia mpaka waugue. Mwanangu mwenyewe anawapita majirani anarusha “'kamoo” huku anakimbia, na mimi, niliyerudishwa mara ngapi mbele ya abiria, namwacha aende. Na kuna mzee aliyevuka ziwa Jumamosi baada ya Jumamosi akichekwa, ili neno langu la uongo liwe kweli, na mimi nilishindwa kuvuka mitaa mitatu.

Sijakwambia nilivyoagana naye. Nilipofika getini niligeuka, nikasema kwa ile sauti ya kujikosha, “Mwalimu, nitakuja tena Jumamosi.”

Akainua mkono, ule ule.

“Usiniambie utakuja,” akasema. “Njoo tu.”

Leo ni Ijumaa. Mwanangu ameniuliza mara mbili hii sukari mpya ni ya nani, na kwa nini nimeulizia saa za kivuko cha asubuhi cha kwenda Kamanga. Sijamjibu. Sukari ipo mezani, viatu vyangu vipo mlangoni, na sijamwambia mtu yeyote kwamba nitakwenda.